Mke wa Bangoni

Ugomvi wao wa kwanza ulikuwa wa nafasi kwenye foleni, na waligombana hadharani, mbele ya keshia, mlinzi na watu wote wenye vikapu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo supamaketi hujaa mpaka hujui nani ananunua na nani amesindikiza. Dada Miwani, kama walivyozoea kumwita mtaani kwa sababu ya kazi yake, alikuwa ameacha kikapu chake kwenye foleni akakimbilia dawa ya meno aliyoisahau. Aliporudi alimkuta mwanaume mrefu, ovaroli ya buluu, magoti yamejaa grisi, amesimama mbele ya kikapu kile kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa pale pale.

"Kaka, hapo pana mtu."

"Sioni mtu. Naona kikapu."

"Hicho kikapu ni mimi."

"Basi pole, dada. Umekonda."

Watu wakacheka. Dada Miwani hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa amesimama kwenye mashine akichonga lenzi za macho ya wenzake, na miguu ilikuwa inamwaka moto.

"Hiyo ovaroli ndiyo inayokudanganya kwamba una haraka kuliko sisi?"

"Mimi ni fundi wa lifti. Kuna watu wamekwama ghorofa ya nne, wananisubiri."

"Na ukaona kwanza uwanunulie mkate?"

Fundi akautazama mkate aliokuwa ameukumbatia, akaangua kicheko, akarudi nyuma. "Haya, pita. Ningejua una mdomo hivi ningezunguka jengo zima."

Nyuma yao alikuwepo mama mmoja mwenye hereni kubwa kama vikuku. Alikuwa anawatazama kwa furaha isiyo na sababu.

"Samahani, mmeoana muda gani?"

"Hatujuani!" walijibu kwa pamoja.

"Mungu wangu. Mnagombana kama watu wenye watoto watatu." Akajitambulisha: alitoka kampuni ya matangazo, anatafuta mke na mume wa kutangaza sabuni ya unga. Hakutaka warembo wa kulipwa. Alitaka watu wa kawaida, wenye sura za watu.

Dada Miwani akakataa. Fundi naye akakataa. Kisha kila mmoja akamchungulia mwenzake kuona kama kweli amekataa, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kikubwa chenye jiko la mbao lisilo na ukuta wa nyuma. Dirishani walibandika karatasi ya anga. Dada Miwani alivishwa gauni la maua ya njano, likabanwa mgongoni kwa vibanio mpaka akashindwa kuvuta pumzi sawasawa. Fundi alipewa shati jeupe, sofa na gazeti.

"Sofa jikoni?" aliuliza.

"Ni tangazo, bwana," mpiga picha alimjibu. "Wewe pumzika. Umetoka kazini."

"Na huyu je?"

"Huyu yuko nyumbani."

"Na mimi nimetoka kazini," Dada Miwani alisema, amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imezama povuni. Hakuna aliyemsikia isipokuwa fundi.

Wakati wa mapumziko fundi alichuchumaa pembeni yake. "Dada, kola haisuguliwi hivyo. Unaiua."

"Mimi nguo zangu nazitia maji, nyingine namwachia Mungu."

"Lete hapa." Akaichukua ile kola akaifikicha kwa vidole vilivyozoea nyaya na chuma, taratibu, upande kwa upande, kama mtu anayemfuta mtoto pua. "Nimejifulia tangu nikiwa na miaka tisa. Ukinioa utapumzika."

"Bwana mkubwa!" mpiga picha alipiga kelele. "Hiyo hatuipigi. Rudi kwenye gazeti lako!"

Kuanzia siku hiyo Dada Miwani akamwita fundi Baba Gazeti, na fundi akamwita Mama Povu.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu, kwa kuwa wote walikuwa watu wa kazi. Fundi alipiga akiwa kwenye matundu ya lifti, sauti ikirudi mwangwi.

"Mama Povu, niko juu kabisa. Nikianguka ujue nilikuwa nakuwaza wewe."

"Ukianguka ujue nitaolewa na mwingine kabla ya arobaini."

"Una roho mbaya, kipenzi changu."

"Na wewe una mkanda wa usalama. Ufunge."

Jumapili Dada Miwani alikwenda chumbani kwa fundi. Fundi alifua, mashati yake na magauni ya mgeni wake, akayaanika kwa mpangilio wa rangi. Dada Miwani alikaa mkekani akimtengenezea redio, pasi, na saa iliyokuwa imesimama. Hawakuona ajabu yoyote. Nani angeona ajabu, mlango umefungwa na watu wawili wanacheka?

Bango likapanda Jumatatu, pale kwenye mzunguko wa barabara kuu, kubwa kuliko nyumba ya ghorofa mbili.

"Toka nje ukajione!" fundi alimpigia, amejaa furaha. "Tumekuwa wakubwa!"

Akatoka. Akasimama ng'ambo ya barabara, mkono juu ya macho kukinga jua, akajitafuta katika yule mwanamke aliyepiga magoti, asijione. Rangi ilikuwa imekolezwa weupe. Kiuno kimekatwa, kifua kimeongezwa. Doa jeusi la kidevuni, alilozaliwa nalo na ambalo marehemu bibi yake alilibusu kila asubuhi, limefutwa. Gauni lilikuwa limelowa na kugandamana na mwili, na yeye hakumwagiwa tone. Alikuwa anamtazama mwanaume kutoka chini kama anayeomba ruhusa ya kwenda haja. Juu yao yaliandikwa maneno: *Mke mwema hujulikana kwa weupe.*

Fundi alikuwa vile vile. Hata mvi mbili tatu za kandoni waliziacha.

Dada Miwani alimpigia Mama Hereni, yule wa kampuni ya matangazo. "Mbona mvi zake hamkuzifuta?"

"Mvi zinampa mwanaume hadhi, mpenzi wangu."

"Na maji kifuani kwangu?"

"Maji yanauza sabuni." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza.

Basi bango lile likamgawia kila mtu fungu lake. Fundi alilipokea lake kwa raha. Walinzi wa majengo walimpigia saluti. Wenzake kazini walimwita Baba Mwenye Nyumba, na bosi wake akaanza kumtuma kwa wateja wakubwa kwa sababu, alisema, ana sura ya kuaminika.

Dada Miwani akaanza kuletewa wateja wenye macho mazima.

"Soma mstari wa tatu, kaka."

"Nikiusoma vizuri, utanifulia?"

Wengine walimuuliza anapatikana saa ngapi. Mmoja alimletea beseni. Mwenye duka, mtu mpole, mcha Mungu, alimwita pembeni akamwambia afanye kazi chumba cha nyuma kwa muda. "Si kwamba umekosea. Ila wateja wangu ni watu wanaojiheshimu."

Kaka yake akapiga simu. "Dada, nikipita pale na wenzangu nageuza uso."

"Na yule mwanaume wa kwenye sofa, umemgeuzia uso?"

"Yule? Yule kafanya nini?"

Alikata simu akakaa kwenye chumba cha nyuma, katikati ya maboksi ya fremu, akagundua hana hata hasira. Hasira inataka nguvu. Alichokuwa nacho ni uchovu, ule wa kueleza jambo lililo wazi kwa watu wanaotikisa kichwa na kurudi pale pale. Alipomweleza fundi, fundi alicheka, akamvuta kifuani, akasema ni wivu tu wa walimwengu.

"Nitakuoa, Mama Povu. Nikikuoa watanyamaza. Jumapili ijayo nakupeleka kwa mama."

Na yeye alitaka kuolewa naye. Tusimpambe: alimpenda yule mwanaume, alipenda sauti yake kwenye yale matundu, alipenda hata harufu ya grisi iliyokataa kutoka kwenye kucha zake. Akashona gauni la kijani, mikono mirefu, shingo imefunga, refu mpaka vifundoni. Alipojitazama kwenye kioo akajikuta anajiuliza kama shingo haikupanda vya kutosha, akajichukia kidogo kwa swali hilo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Mama yake fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, mwanamke mwembamba mwenye sindano kifuani kama medali. Chai ililetwa kwenye vikombe vya wageni. Wakasalimiana nyumba kwa nyumba, wakaulizana afya za watu wasiojuana. Kisha Dada Miwani akainua macho ukutani.

Lilikuwepo lile tangazo, nakala ya karatasi ambayo kampuni iliwapa, limewekwa ndani ya fremu ya dhahabu. Fundi, sofa, gazeti. Upande mwingine wa karatasi ulikuwa umekunjwa kwa nyuma. Ila kwenye kona ya chini, mahali ambapo karatasi haikukubali kukunjika vizuri, vilibaki vidole vinne vyenye povu. Aliviangalia. Vilikuwa vidole vyake.

Mama aliona anakotazama. "Picha ilikuwa kubwa," alisema, "na fremu ndogo."

Fundi akakiangalia kikombe chake cha chai kana kwamba kimeandikwa kitu.

"Sasa, binti yangu," mama aliendelea, "ile kazi umeacha?"

"Kazi ipi, mama? Bado niko kwenye miwani."

"Ile nyingine. Majirani zangu wana midomo."

Alifungua kinywa ajibu, lakini fundi alimwahi. "Ameacha, mama. Ilikuwa mara moja tu. Hatarudia."

Alilisema kwa nia njema, jinsi mtu anavyomwombea msamaha mlevi wa ukoo. Mama akashusha pumzi, akamwongezea mgeni sukari.

Wakatoka. Walipofika kwenye kibanda cha muuza magazeti, njiani kuelekea kituoni, Dada Miwani akasimama.

"Umesema nimeacha nini?"

"Nilitaka kikao kiishe salama, mpenzi."

"Tulikuwa wawili pale studio. Wewe umeacha nini?"

"Mambo hayo hayalingani."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mwanaume," fundi alisema. Alilisema bila ubaya wowote, kama anayesema leo ni Jumapili, na hilo ndilo lililomchosha Dada Miwani kuliko beseni la yule mteja.

"Sikia," fundi aliharakisha, "tukioana yataisha. Utakuwa mke wa mtu. Nani atathubutu?"

"Kwa hiyo unanioa unisafishe. Mimi si kola ya shati."

"Mama Povu..."

"Usiniite hivyo leo. Sina ugomvi na mama yako, ni mtu mzima, ana majirani. Nataka kitu kimoja kwako. Rudi umwambie kwamba mimi sikufanya kosa. Ukiweza hilo, nioe hata kesho."

"Nipe muda."

"Unao."

Simu za wiki zile zilikuwa fupi.

"Umekula?"

"Nimekula. Umemwambia?"

"Bado. Presha yake ilipanda."

Kesho yake: "Umeamkaje?"

"Salama. Umemwambia?"

"Ana kazi nyingi ya sare, mpenzi. Shule zinafungua."

Shule zikafungua, zikafunga. Kisha siku moja, akiwa chumba cha nyuma, simu ikalia. Ilikuwa Mama Hereni, sauti tamu kama kawaida.

"Mpenzi, tunatoa bango jipya. Nimeona nikuambie mwenyewe usije ukashangaa barabarani. Mumeo tunaendelea naye, amekubali. Wewe watu wamekuzoea. Tunamtafutia mke mwembamba kidogo."

"Amekubali?"

"Jana. Watu wanampenda sana, unajua."

Dada Miwani akamshukuru, akaweka simu mezani, akamaliza lenzi aliyokuwa anaichonga kwa sababu mteja alikuwa anasubiri. Kisha akaifungia namba ya fundi. Hakulia mpaka alipofika nyumbani, na hata huko alilia kidogo tu, akapitiwa na usingizi na viatu miguuni.

Mvua zikaja, zikaenda. Mwenye duka akamrudisha mbele, kwa kuwa chumba cha nyuma kilivuja. Halafu asubuhi moja akiwa kwenye mzunguko aliona watu wanabandika bango jipya, karatasi kwa karatasi. Akasema moyoni hatatazama. Akatazama. Msichana mwembamba, gauni limelowa, magoti chini. Kwenye sofa amekaa mwanaume mwingine kabisa, mnene, mvi zake mwenyewe. Gazeti lile lile.

Alisimama pale mpaka akachelewa kazini. Mchana akaifungulia namba, akapiga.

"Wamekufukuza nyumbani kwako?" alimuuliza.

Akasikia mwangwi ule wa matundu ya lifti. "Ngoja nishuke," fundi alisema. "Usikate. Nakuomba, usikate."

Walikutana kwenye mgahawa mdogo mkabala na duka la miwani, saa ya chakula cha mchana, katikati ya kelele za sahani. Fundi alikuwa amekonda. Hakujaribu utani.

"Nilikubali," alisema. "Sitakudanganya. Nilijiambia ni kazi kama kazi. Nikafika pale nikamkuta msichana mdogo, nadhani hata shule ndiyo kwanza kamaliza. Safari hii walimmwagia maji kweli, kwa chupa ya kunyunyizia. Akasema anasikia baridi. Wakamwambia atabasamu. Akanitazama mimi kama vile mimi ndiye niliyemwagiza. Nikakosa pa kuyaweka macho yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaomba tubadilishane. Mimi nifue, yeye akae. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mpiga picha akaniuliza nani atanunua sabuni kwa mwanaume anayefua. Nikamwambia mimi nanunua kila mwezi. Nikaondoka."

"Na msichana?"

Fundi akainamisha kichwa. "Alibaki. Alihitaji ile kazi. Nilijitoa mimi, yeye sikumtoa."

Dada Miwani hakumfariji, lakini hakumhukumu pia. Akamsogezea maji. "Na mama?"

"Nilimwambia siku ile ile. Akasema umeniweka kiganjani. Nikamjibu kiganja chenyewe kina joto. Akanikatia simu."

"Ulimwambia kwa simu?"

"Kwa simu."

Alicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka. "Baba Gazeti wewe. Unapanda ghorofa kumi kwa kamba, lakini mama yako unamwogopa."

"Namwogopa." Akamshika mkono juu ya meza, wahudumu wanapita. "Nataka kukuoa. Si kukusitiri. Nataka tu kuamka nikusikie unanisema."

"Basi twende ukamwambie usoni, mimi nikiwepo. Na safari hii mimi sifungui mdomo."

"Akikataa?"

"Atakuwa amekataa. Mimi sikuwa namngoja yeye. Nilikuwa nakungoja wewe."

Walifika alasiri. Dada Miwani alikuwa na nguo zake za kazini, blauzi ya mikono mifupi, doa lake kidevuni, miguu imevimba. Mama alifungua mlango, akawatazama, hakusema karibu. Shikamoo aliitikia nusu. Kwenye ua wa pili jirani alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Mama," fundi alisema, "siku ile nilikudanganya. Nilisema ameacha. Hakuna alichoacha, kwa sababu hakuna alichofanya. Tuliitwa wote, tukalipwa wote, tukapigwa picha wote. Kama kuna aibu, mimi ninayo nusu. Kama kuna sifa, nusu ni yake. Huyu ndiye ninayemwoa."

Mama akamgeukia mwanamke. "Na wewe huna la kusema?"

"Sina, mama. Nimesema sana. Nimechoka."

"Kuchoka!" mama alisema. "Unajua kuchoka wewe? Nilipofiwa nilikuwa na umri kama wako. Nikivaa vizuri, natafuta mume. Nikivaa vibaya, nimeshindwa maisha. Baba mdogo wa huyu alioa mke wa pili kabla kaburi la wa kwanza halijakauka, wakampa hongera." Alinyamaza ghafla, kama aliyejisikia mwenyewe. Akairekebisha sindano kifuani. "Sijakubali," alisema.

"Sawa, mama," fundi alisema.

"Nasema sijakubali."

Ufagio wa ua wa pili ukasimama. Jirani akanyoosha shingo juu ya uzio. "Jirani, una wageni? Huyo si yule mwanamke wa bangoni, yule wa gauni la maji?"

Dada Miwani alifumba macho. Alijiandaa kugeuka, kutembea mpaka kituoni, kwenda kulala. Mkono wa fundi ulikuwa baridi ndani ya wake.

"Ndiye," mama alijibu, kwa sauti ya kufika mpaka mwisho wa mtaa. "Na mwanangu naye alikuwemo, kakaa kitako anasoma gazeti mwenzake anafanya kazi. Habari zake hujawahi kuniuliza. Una swali jingine?"

Jirani akarudi kwenye ufagio wake.

Mama akawageukia, uso umekunjamana, hauna furaha hata chembe. "Mnasimama mlangoni mnangoja nini? Nyie vueni viatu muingie. Na wewe binti, kaa kile kiti cha mwanzo, kina mto. Hiyo miguu yako siipendi."